Pama ya felti ya zamani: namna ya kusoma alama za ubora zilizo ndani yake

Pama yangu ya kwanza ya felti niliinunua kwa sababu ya herufi. Muuzaji aliigeuza, akanionyesha X tano za rangi ya dhahabu zilizopigwa kwenye ngozi ya ndani, akasema, "Hii ni kamera, bosi, mtumba wa chaguo la kwanza. Hesabu mwenyewe." Nikahesabu, nikalipa. Wiki ya tatu mvua ya Aprili ikanikuta stendi nikingoja matatu. Pama ilikunywa maji kama sifongo, ukingo ukalala juu ya masikio, na ilipokauka ilikuwa imerudi ndani saizi nzima. Ilikuwa sufu tupu. Zile X tano hazikuwa uongo, maana hakuna popote zilipoahidi chochote. Mimi ndiye niliyezisoma nisivyojua.

Yeyote aliyewahi kufungua robota la mitumba ataelewa haraka. Robota likiandikwa gredi A, hiyo A ni kauli ya aliyelifunga. Gredi A ya mfungaji mmoja inaweza kuwa B ya mwingine, na ya mwaka huu isiwe sawa na ya miaka kumi iliyopita. Alama za ndani ya pama ziko hivyo hivyo. Kila kiwanda kilijijengea ngazi yake, kikazipa vidato majina kilivyopenda, na hapakuwa na ofisi ya viwango iliyozilinganisha ngazi hizo. Kwa hiyo ukiona alama una maswali mawili ya kujibu kabla ya kutoa pesa: ngazi hii ni ya nani, na ilikuwa ya miaka gani?

Pama hizi zinafika kwetu kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. Gikomba, Kongowea, Karume pale Ilala, Owino kule Kampala: kwenye marundo ya kofia, chini ya zile za besiboli, hutokea pama ya mzee fulani wa Marekani, Italia au Ujerumani aliyefariki, na watoto wake wakamwaga kabati. Wazee wetu bado wanazivaa kanisani na kwenye mazishi, na vijana wameanza kuzitafuta. Hata pama nyeusi ya Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, ambayo imekuwa kama sehemu ya uso wake, ilianza na zawadi aliyopewa na George W. Bush mwaka 2006.

Shika kwanza, soma baadaye

Kabla ya kugeuza pama utazame ndani, ishike. Felti si kitambaa cha kufuma. Ni nyuzi zilizolowanishwa, zikapashwa moto na kukandwa mpaka zikashikana zenyewe pasipo uzi. Nyuzi hizo zikiwa za kondoo, hiyo ni felti ya sufu. Zikiwa ni manyoya laini ya chini ya sungura, ya nutria, yule panya mkubwa wa majini, au ya biva, yule mgugunaji wa mito ya nchi za baridi anayejenga mabwawa, hiyo ni felti ya manyoya. Tofauti ya bei kati ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya X. Biva hutukuzwa kwa sababu nyuzi zake za chini zina vimeno vidogo vinavyong'ang'aniana mno, hivyo felti yake huweza kuwa nyembamba na laini na bado ikakataa maji.

Bana ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha usugue taratibu. Sufu hukwaruza kidogo, ina uvimbevimbe, inakukumbusha blanketi la bweni. Felti nzuri ya manyoya inashikika kama sikio la mwanambuzi: nyembamba, imeshikamana, ina ubaridi kidogo. Ukunje ukingo taratibu kisha uachie. Manyoya hurudi yalipokuwa. Sufu husitasita, na mara nyingi huacha alama ya mkunjo.

Kuna kosa ambalo hata wauzaji wa siku nyingi hulifanya: kudhani kwamba pama nzito ndiyo bora. Viwanda vilijivunia pama nyepesi, kwa kuwa kutengeneza felti nyembamba isiyolegea ndiko kuliko kugumu. Pama ya zamani iliyo nyepesi mkononi na bado imesimama wima inastahili dakika tano zaidi za macho yako.

Muuzaji akikuruhusu, dondoshea tone moja la maji chini ya ukingo, mahali pasipoonekana. Kwenye manyoya mazuri tone hukaa juu likiwa duara kwa dakika kadhaa. Kwenye sufu mara nyingi huzama. Nasema mara nyingi kwa sababu sufu mpya iliyopakwa dawa ya kuzuia maji itakudanganya. Kipimo cha moto nacho kina mpaka wake. Ukichomoa nyuzi mbili tatu nyuma ya ngozi ya ndani na kuziwasha, harufu ya nywele zilizoungua na jivu linalopukutika humaanisha sufu au manyoya, wala hakitakuambia ni ipi kati ya hizo. Zikiyeyuka na kuacha punje ngumu, hiyo ni poliesta. Irudishe ilipokuwa.

Mahali pa kutazama

Sasa geuza. Ile ngozi inayozunguka ndani na kugusa paji la uso, tuiite ukanda wa jasho, ndiyo yenye maneno mengi. Kwa kawaida utakuta jina la kiwanda upande mmoja, jina la duka lililouza upande mwingine, na mahali fulani jina la daraja la ubora. Watu wengi huchanganya kiwanda na duka. Maduka ya mavazi ya wanaume ya Marekani na Ulaya yaliagiza pama kwa jina lao, kwa hiyo unaweza kukuta jina kubwa la duka la mji mdogo na jina la kiwanda likiwa dogo kando yake, au lisiwepo kabisa. Herufi mbili au tatu zilizotobolewa au kupigwa kwa dhahabu peke yake, kama R.H. au T.J.W., ni za jina la mwenye pama, wala hazihusiani na ubora. Usimruhusu mtu akuuzie herufi za marehemu.

Ngozi yenyewe inasema kitu. Pama za daraja zuri zilitiwa ngozi halisi. Kitambaa au plastiki mahali pake ni dalili ya bei ya chini au ya umri mdogo. Ngozi iliyokauka na kupasuka haishushi daraja la felti, lakini inashusha bei, kwa sababu ngozi ikisinyaa huvuta felti na pama nzima hujikunja pande mbili.

Bitana, ile hariri au satini ya juu, ndiyo inayopendeza macho na ndiyo ya kuaminiwa kwa tahadhari kuliko vingine. Hapo huwekwa nembo: simba, taji, ngao, medali za maonyesho. Kwenye pama nyingi za Stetson, kiwanda cha Marekani, za mtindo wa wachunga ng'ombe utaona picha ya mtu amepiga goti, akimnywesha farasi wake maji kwa pama. Picha hiyo inakuambia mtengenezaji, na kwa kawaida haikuambii daraja. Isitoshe, bitana hutolewa na kubandikwa nyingine kwa robo saa. Na pama isiyo na bitana kabisa si lazima iwe imeng'olewa. Nyepesi nyingi zilitoka kiwandani hivyo.

Hatua inayorukwa na wengi ni kukunjua ukanda wa jasho kwa nje, polepole, uone mgongo wake. Loweka subira hapa, si maji. Ngozi kavu ikilazimishwa huchanika, na umeshanunua upende usipende. Huko nyuma hukaa kikaratasi cha saizi, wakati mwingine na namba za oda, na kwenye pama nyingi za Marekani hukaa lebo ndogo yenye kingo za meno kama stempu ya posta. Hiyo ni lebo ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kofia. Tutairudia kwenye umri, maana ina kazi kubwa.

Mwisho tazama ukingo wenyewe. Kingo nyingi zimekatwa tu, au zimekunjwa na kushonwa, au zimefunikwa kwa utepe. Ukikuta ukingo ulio mnene kidogo mwishoni, kama uliokunjwa, lakini hakuna mshono hata mmoja, simama. Felti imerudishwa juu ya felti na kukandwa mpaka zikawa kitu kimoja. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Cavanagh, mtengenezaji wa Marekani, na Stetson wakaiita Mode Edge. Ilikuwa kazi ngumu ya mkono, iliyofanywa kwenye pama ghali. Huu ndio muhuri wa ubora ambao mtu hawezi kuubandika kwa gundi.

Ngazi ya X

John B. Stetson alianza kutengeneza pama Philadelphia mwaka 1865, na jina lake ndilo lililozoeza dunia kuhesabu X. Simulizi husema kila X ilikuwa sehemu ya kumi ya biva, hivyo 10X ni biva mtupu. Ni simulizi tamu na rahisi kukumbuka, usiitumie kununua. Kampuni hazikutoa hesabu moja iliyofungwa kwa wote, na X ya kiwanda hiki haikupimwa kwa X ya kile.

Baya zaidi, X zimepoteza thamani kama fedha ya nchi yenye mfumuko wa bei. Katikati ya karne ya 20, Stetson iliyoandikwa 7X Clear Beaver ilikuwa karibu na kilele. Leo jina hilo hilo la Stetson limepigwa kwenye pama za 100X na hata 1000X, na 6X ni ya katikati tu. Huku chini, kampuni mbalimbali huuza pama za sufu zilizopigwa 2X na 3X. Kwa hiyo 3X Beaver ya mwaka 1950 na 3X ya duka la mavazi ya farasi ya mwaka 2015 hazina undugu. Ya kwanza ni pama ya kurithisha. Ya pili ni ile iliyoninywea mvua, ingawa yangu ilikuwa na mbili zaidi.

Maneno yanayofuata X yana uzito kuliko X zenyewe. Clear Beaver ilimaanisha biva mtupu, na Clear Nutria vivyo hivyo kwa nutria. Lakini Beaver Quality, Beaver Brand na Beaver Finish ni maneno ya mfanyabiashara: ubora kama wa biva, chapa ya biva, umaliziaji kama wa biva. Biva mwenyewe huenda hakukanyaga kiwandani. Ni mbinu ile ile ya "ladha ya embe" kwenye juisi ambayo embe haikuiona.

Namba na majina

Ngazi ya pili ya Wamarekani ni ya namba, na hii naipenda kwa sababu ni ya wazi. Stetson Twenty-Five, Stetson 50, Stetson 100, Dobbs Twenty, Knox Twenty: namba hizo zilitokana na bei kwa dola. Ukikumbuka kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 pama ya kawaida ya Stetson iliuzwa kama dola 10, utaelewa mtu aliyelipa 100 alikuwa akinunua nini. Stetson 100 ikikuangukia kwenye rundo, usicheke wala usitoe macho. Ulizia bei ya ile ya pembeni yake kwanza.

Ngazi ya tatu ni ya majina, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu jina la daraja na jina la mtindo huandikwa mahali pamoja. Royal Stetson ni daraja: la kawaida, la kuvaliwa na karani. Royal De Luxe ni daraja la juu yake. Lakini Open Road, Stratoliner, Whippet na Playboy ni mitindo, yaani umbo la kichwa, upana wa ukingo, aina ya utepe. Mtindo mmoja uliweza kutengenezwa kwa madaraja tofauti. Open Road aliyoivaa Rais Lyndon Johnson na Open Road ya mkulima zingeweza kuwa na umbo moja na felti mbili tofauti kabisa. Ukiona majina mawili ndani ya pama, tenganisha: lipi linasema imetengenezwa kwa nini, lipi linasema ina sura gani?

Jihadhari pia na jina la teknolojia linalohamia kitu kingine. Miaka ya 1940 Stetson walitangaza Vita-Felt kama njia yao ya kutengeneza felti ya manyoya. Leo, kwenye pama za Stetson zinazouzwa Ulaya chini ya leseni, VitaFelt utaikuta kwenye pama za sufu. Ni neno lile lile na kofia nyingine. Na kwa kuwa mitumba yetu mingi hupitia Ulaya, hizi za sufu ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Cravenette, inayoonekana sana kwenye pama za Mallory, si daraja. Ni dawa ya kuzuia maji. Mallory wenyewe walikuwa kiwanda kikongwe cha Danbury, Connecticut, tangu 1823, na Stetson waliwanunua mwaka 1946. Kwa hiyo lebo inayowaunganisha wawili hao haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Waitaliano na wengine

Borsalino ilianzishwa na Giuseppe Borsalino mjini Alessandria mwaka 1857, na mwaka huo wameuandika ndani ya karibu kila kitu, hata pama ya juzi. Usiuchukue kuwa mwaka wa kutengenezwa. Nimewahi kuuziwa pama "ya 1857" yenye lebo ya maelekezo ya kufua. Ngazi yao ya zamani ilikwenda hivi: Qualità Superiore, juu yake Extra Superiore, na juu zaidi Extra Extra Superiore. Yaani neno linalomaanisha "bora zaidi" lilikuwa limekaa chini ya wenzake. Hata hivyo Superiore ya zamani ni felti nzuri ya manyoya. Ukiona Borsalino fu Lazzaro, hicho kilikuwa kiwanda cha pili cha ukoo huo huo, si bandia.

Kwa pama nyingine za Ulaya, ngazi za majina ni nyingi mno kuzikariri, na sioni faida yake. Jifunze maneno mawili kwa kila lugha yanayotenga manyoya na sufu. Kiingereza ni fur felt na wool felt. Kifaransa ni poil kwa manyoya na laine kwa sufu. Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura hapa wametutangulia. Kiitaliano ni pelo na lana. Kijerumani ni Haarfilz na Wollfilz. Maneno hayo yameniokolea pesa nyingi kuliko X zote nilizowahi kuhesabu. Akubra za Australia ni rahisi zaidi: wao hutumia manyoya ya sungura, ambao kwao ni balaa la mashamba, na huandika wazi Pure Fur Felt.

Umri unasomwa wapi

Hutapata mwaka umeandikwa, lakini utapata vitu ambavyo havikuwepo kabla ya mwaka fulani. Rudi kwenye ile lebo ya chama cha wafanyakazi nyuma ya ngozi. Ikiandikwa United Hatters of North America, pama ni ya kabla ya 1934 au jirani na hapo, kwa kuwa mwaka huo chama hicho kiliungana na kile cha washonaji wa kofia za kitambaa. Jina refu lenye Hatters, Cap and Millinery Workers ni la baada ya muungano.

Anwani ya duka nayo inasaidia. Marekani ilianza namba za posta za tarakimu tano mwaka 1963. Kabla yake, kuanzia 1943, miji mikubwa ilitumia namba fupi ya eneo baada ya jina la mji. Pama ya Uingereza yenye bei kwa shilingi na peni za zamani ni ya kabla ya Februari 1971, walipobadili fedha. Shilingi hizo si zetu. Nimeona muuzaji akitetea bei yake kwa kibandiko cha shilingi 45 cha London. Kiwanda cha Stetson cha Philadelphia kilifungwa 1971, hivyo pama za baadaye zilitoka kwingine. Msimbo wa mistari wa kusomwa na mashine haukuwepo dukani kabla ya 1974. Na lebo nyeupe ya nailoni yenye asilimia za nyuzi na picha za beseni na pasi inamaliza mjadala: hiyo si ya zamani.

Saizi, haraka

Marekani hutumia inchi za upana wa kichwa, Ulaya sentimita za mzunguko wake. 7 ya Marekani ni kama sentimita 56, 7 1/8 ni 57, 7 1/4 ni 58, 7 3/8 ni 59, 7 1/2 ni 60. Waingereza wako nyuma kwa moja ya nane: 7 yao ni 7 1/8 ya Marekani. Lakini pima ndani kwa utepe wa fundi, maana pama ya miaka sabini imesinyaa. Kuipanua kwa saizi moja inawezekana; mbili ni kuomba ngozi ipasuke.

Panapodanganywa

Udanganyifu mwingi ninaoukuta si wa kiwanda, ni wa bitana. Mtu hutoa bitana ya Borsalino kwenye pama iliyoliwa na nondo, akaigandisha ndani ya ya sufu. Linganisha sehemu tatu: jina la bitana, jina la ukanda wa jasho, na karatasi za nyuma. Zikigombana, amini ukanda, kwa kuwa umeshonwa kwenye felti. Kisha angalia kama matundu ya sindano ni ya zamani au kuna mstari wa pili wa matundu matupu pembeni. Mstari wa pili unamaanisha ukanda nao umehama. Ikifika hapo, herufi zote zimekufa na umebaki na vidole vyako tu.

Nondo huacha vijitundu au njia za kukwanguliwa juu juu. Inua pama juani, mdomo ukiangalia uso wako, utazame kwa ndani: tundu litakuonyesha mwanga hata kama limechorwa wino kwa nje. Ndiyo, huchorwa.

Jambo la zebaki

Hili nisingependa uliruke tu kwa kuwa halihusu bei. Kwa miaka mingi manyoya ya sungura na wenzake yalitayarishwa kwa nitrati ya zebaki ili nyuzi zishikane. Wafanyakazi waliugua, mjini Danbury tetemeko la mikono yao lilipewa jina la mji. Marekani ilipiga marufuku zebaki kwenye felti mwezi Desemba 1941, na wahifadhi wa makumbusho wameikuta bado imo kwenye pama za kabla ya hapo. Kuivaa mara moja moja si jambo la kukukosesha usingizi. Kuipiga mvuke ndani ya jiko lililofungwa madirisha, ukiinamia juu yake, ni ujinga. Pama yoyote ya manyoya usiyoijua umri itendee kama yenye zebaki: mvuke uwe nje penye upepo, vumbi lisuguliwe nje, watoto wasiitafune, na unawe mikono ukimaliza. Usiifue kwa maji na sabuni kamwe, iwe na zebaki au isiwe nayo.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Mwaka jana Kongowea nilikuta pama ya kijivu chini ya rundo, tayari imeshaingia fagia, yaani masalio ya mwisho ya robota. Vidole vilisema manyoya: nyembamba, ukingo ukirudi wenyewe. Kwenye ukanda wa jasho palikuwa na Royal Stetson upande mmoja na duka la Ohio upande mwingine, ngozi ikiwa na mpasuko mdogo nyuma. Bitana ilikuwa na nembo ya Stetson na doa la mafuta ya nywele lenye umri wa kunizidi. Nilikunjua ngozi nikakuta kikaratasi cha 7 1/8, na lebo ya kingo za meno yenye jina refu la chama. Anwani haikuwa na namba ya posta ya tarakimu tano. Matundu ya sindano yalikuwa mstari mmoja tu.

Basi ngazi ni ya Stetson, kidato ni cha kawaida, miaka ni kati ya 1934 na mwanzoni mwa ya 1960. Sikuweza kujua kama ni ya kabla ya 1941, kwa hiyo mvuke wake niliufanyia nje uani. Ni daraja la karani wa Ohio, na felti yake inaipita mbali ile ya X tano niliyozika.

Nilimuuliza mama aliyekuwa akiuza ni kiasi gani. Akaigeuza, akaitazama ndani kwa makini, akatikisa kichwa. "Hii haina X hata moja, baba," akaniambia. "Nipe mia tatu."